Agnetha wa Maabara na Pamfleti ya Profesa

Agnetha Nikolaus alikuwa na misonyo ya aina tatu, na walimu wote wa shule yake pale Cheyo, mjini Tabora, walijua kuitofautisha. Mfupi ulikuwa wa wanafunzi waliovunja mirija ya kioo. Wa kati ulikuwa wa Mkuu wa Shule, kila alipotangaza kwamba vifaa vya maabara viko njiani. Ule mrefu, unaovutwa taratibu kutoka kwenye magego, aliuhifadhi kwa mwalimu anayefundisha asichokijua. Msonyo huo ulimwandama Mwalimu Erasmus tangu wiki yake ya kwanza pale shuleni.

Agnetha hakuwa mwalimu. Alikuwa mtunza maabara. Alizaliwa kijiji kimoja upande wa Sikonge, mtoto wa mrina asali, na alimaliza kidato cha nne mwaka 1984 akiwa na alama nzuri ya baiolojia na alama mbaya za mengine yote. Akaajiriwa kufagia. Alifagia maabara miaka minne, kisha mtunza maabara wa zamani akafa, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua chupa ipi inaunguza na ipi inalewesha, wakampa funguo. Tangu siku hiyo aliosha mirija, akapanga darubini, akachemsha majani ya mhogo kwa ajili ya majaribio, na akasikiliza. Walimu wa baiolojia kumi na mmoja walipita mbele ya masikio yake. Yeye alibaki nyuma ya darasa na taulo begani, akisikiliza somo lilelile kila mwaka, na usiposikia vizuri mara ya kwanza, mara ya ishirini lazima utasikia. Vitabu navyo vilikuwa kwenye kabati lake. Alivisoma polepole, na kamusi pembeni, kwa kuwa vyote vilikuwa vya Kiingereza.

Katika masomo yote alipenda moja: vinasaba. Alishangaa kwamba ndani ya kila chembe ya mwili wa mtu, wa papai, wa nyuki, mna uzi mwembamba kupita kiasi uliobeba maagizo yote ya kumjenga huyo mtu, hilo papai, huyo nyuki. Wenyewe huuita DNA. Na huo si uzi mmoja, ni nyuzi mbili zilizosokotana kama ngazi ya kamba iliyopotolewa. Vipago vya ngazi hiyo, vile vya kukanyagia, ni vya aina nne tu, adenini, thaimini, guanini na sitosini, na havishikani ovyo. Adenini hushika thaimini. Guanini hushika sitosini. Basi.

Mwaka 2004 aliamua kuijenga. Akakusanya nyaya za umeme zilizotupwa, vizibo vya soda vya rangi nne, na mabua ya mtama kwa ajili ya vipago. Alitumia likizo nzima. Ngazi ilipokamilika ilikuwa na kimo cha mtoto wa darasa la tatu, akaisimamisha juu ya meza ya mbele. Tangu hapo kila kidato cha sita kilichora vinasaba kwa kuitazama ngazi ya Mama Agnetha. Mwalimu wa somo akiwa mgonjwa, au anajifanya mgonjwa, yeye ndiye aliyeeleza.

"Hizi nyuzi mbili zinapishana," alikuwa akiwaambia. "Moja ikielekea Ujiji, mwenzake anaelekea Bagamoyo. Kama misafara ya zamani. Njia moja, lakini nyuso zinatazama pande mbili. Mmeelewa?"

Walielewa. Ni watoto wa Tabora. Nusu yao mababu zao walifika hapa na mizigo kichwani, na huo mji wenyewe ulijengwa na watu waliokuwa wakipishana.

Ndipo akaja Erasmus.

Alikuja na sifa zake mwenyewe, amezibeba kama mtu anayehama na godoro lake. Alikuwa na ukumbi wa tuisheni kule Mtendeni, na juu ya mlango wa ukumbi huo palikuwa na bango lenye picha yake akiwa amevaa joho ambalo, kwa jinsi Agnetha alivyolitazama, lilikuwa la kukodi. Chini ya picha waliandika "Profesa". Alikuwa na shahada moja. Watoto walimwita Profesa, wazazi wakamwita Profesa, na baada ya muhula mmoja hata Mkuu wa Shule, Mwalimu Renatus, mtu ambaye angeweza kumwomba radhi mlango aliojigonga nao, akaanza kumwita Profesa.

Erasmus alikuwa na miaka thelathini na minane, naye hakuwahi kumwamkia Agnetha. "Mambo vipi, mama," alikuwa akisema, akipita. Agnetha hakujibu. Kwa watu wa rika lake neno hilo halina jibu.

Silaha ya Profesa ilikuwa pamfleti. Kurasa sitini, jalada la kijani, baiolojia yote ya kidato cha tano na cha sita ikiwa imesagwa mpaka imekuwa uji. Alisimama mbele ya darasa akaisoma, na wanafunzi wakaandika alichosoma kwenye madaftari, ingawa pamfleti yenyewe walikuwa nayo mkononi. Akiulizwa swali alirudia sentensi ileile kwa Kiingereza cha juu zaidi. Hakuwahi kuomba darubini. Hakuwahi kugusa kitu cha maabara ila soketi ya kuchajia simu.

Siku alipofundisha vinasaba, Agnetha alikuwa nyuma, na taulo lake begani. Profesa akasoma kwamba DNA inapojinakili, molekuli ya zamani hubaki kama ilivyo, nzima, na pembeni yake huumbwa nyingine mpya kabisa.

Agnetha aliacha kufuta mrija.

Msichana mmoja, Julieth, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama ile ya zamani haifunguki, hiyo mpya inajuaje vipago vilivyopangwa ndani?"

"Soma ukurasa wa arobaini na tatu," akasema Profesa.

"Nimeusoma, Mwalimu. Ndio nauliza."

"Basi usome tena."

Baada ya kipindi Agnetha alimfuata mlangoni. Alijilazimisha kutumia sauti ya upole, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa kama kuinua gunia. "Mwalimu, pale kwenye kujinakili pana kosa. Ngazi inafunguka katikati. Kila upande wa zamani unajijengea mwenzake mpya. Kwa hiyo zinapatikana mbili, na kila moja ni nusu ya zamani, nusu mpya."

Erasmus alimtazama kuanzia kandambili mpaka kilemba. "Mama," akasema, "wewe kazi yako ni kuosha. Na hilo dude la vizibo uliondoe pale mezani. Linawachanganya watoto."

Kesho yake ngazi ilikutwa stoo, imelazwa juu ya magunia ya chokaa, vizibo vitatu vimeng'oka.

Agnetha hakulia. Watu wanaolia wana matumaini kwamba kuna atakayeona. Yeye aliketi kwenye kigoda cha maabara akamdharau Erasmus kwa utulivu, hatua kwa hatua, kama mtu anayechambua mchele. Alimdharau kwa joho, kwa pamfleti, kwa viatu vyake vyenye ncha. Lakini zaidi alimdharau kwa sababu alikuwa na ruhusa ya kufungua kila kitabu kwenye kabati lile na hakuwahi kufungua hata kimoja. Yeye Agnetha alivisoma kwa kuibia, kati ya kuosha na kufagia. Mtu aliyepewa kisima akafa kiu, alijiambia, azikwe bila matanga.

Dharau yake ilikuwa kubwa, ikamtosha na mwingine. Pale shuleni palikuwa na mwalimu wa kujitolea, Silasi, kijana mwembamba kutoka Ulyankulu, ambaye naye alisomea baiolojia. Silasi alikuwa na kigugumizi. Alipewa vidato vya chini ambavyo havikuhesabiwa na mtu, na alipita ukutani kama mtu anayeogopa kuchukua nafasi. Huyo alimwamkia Agnetha kila asubuhi, shikamoo kamili, amesimama. Agnetha alijibu marahaba bila kugeuka. Aliamini kwamba mtu anayejua na akanyamaza ni mbaya kuliko asiyejua. Mwanzoni kabisa Silasi alipojaribu kuingia maabara kuitazama ile ngazi kwa karibu, na kuanza kusema neno, neno lenyewe likimkwama, Agnetha alimkata: "Kijana, usinizoee. Kama hujatumwa kifaa, mlango ule pale."

Silasi akaenda zake.

Matokeo ya mtihani wa majaribio wa mkoa yalipotoka, swali la sita liliwaangusha. Liliuliza jinsi DNA inavyojinakili. Wanafunzi thelathini na wawili kati ya arobaini waliandika ukurasa wa arobaini na tatu, neno kwa neno, wakapata sifuri. Wanane waliandika habari ya ngazi inayofunguka, wakapata alama zote. Profesa akalalamika kwa Mkuu wa Shule kwamba yuko mtu anayewapotosha wanafunzi wake kwa nyaya na vizibo, na kwamba wasahihishaji wa mkoa nao ni watu wa zamani. Renatus, ambaye ubishi wowote ulimwumiza tumbo, akaitisha kikao cha walimu na kumtaka Agnetha aje kutoa maelezo. Kwa faragha alimnong'oneza: "Mama, ukiomba radhi tu, litaisha."

"Radhi ya nini, Mwalimu Mkuu?"

"Ya kwa ujumla."

Agnetha alikwenda kwenye kikao akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani, na mkononi akiwa na kamba. Ilikuwa kamba ya magome ya miti, ya aina ambayo baba yake alipandishia mizinga, imesokotwa kwa nyuzi mbili. Kwenye mfuko alikuwa na katani nyeupe.

Erasmus alizungumza kwanza, kwa Kiingereza, robo saa. Walimu wa historia wakatikisa vichwa kwa heshima. Mwalimu wa Kiingereza akatazama dirishani.

Kisha Agnetha akasimama. Hakuomba radhi. Alinyoosha kamba ile mezani. "Profesa," akasema, na neno hilo mdomoni mwake lilikuwa na ladha ya maziwa yaliyolala, "mimi nataka kamba nyingine kama hii. Ile ile, mafundo yake na makovu yake yote, ambayo yako ndani, huku nyuzi zinakokutana. Nitaitengenezaje bila kuifungua?"

"Huu si mfano wa kisayansi."

"Nitaitengenezaje?"

Erasmus akacheka, akageuka kwa wenzake ili wacheke naye. Wawili walicheka. Agnetha hakuwangoja. Aliisokotoa kamba ya magome, akazitenga zile nyuzi mbili, moja kushoto, moja kulia. Kwa kila uzi wa magome akasokotea uzi wa katani, akiufuatisha kila fundo na kila kovu. Mikono yake ilijua kazi hiyo tangu utotoni. Kamba zikawa mbili mezani, kila moja uzi mmoja wa kahawia na mmoja mweupe.

"Hizo ndizo pacha," akasema. "Ya zamani haiko popote peke yake. Imegawanyika, iko kwenye zote mbili. Hivyo ndivyo uzi wa baba yako ulivyokufikia wewe, ingawa sijui ulikosea wapi njiani."

Hapo hata Mwalimu wa Kiingereza aligeuka kutoka dirishani.

"Mkuu," Erasmus akapaza sauti, "tumefika mahali pa kufundishwa na mfagizi?"

Renatus akafuta jasho. Akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kumtupia mzigo, macho yake yakatua kwenye kona. "Mwalimu Silasi. Wewe ume... Wewe umesomea hii. Unasemaje?"

Silasi akasimama. Neno la kwanza lilimchukua muda mrefu mpaka mtu mmoja akaanza kukohoa. Agnetha alifumba macho. Afadhali asingesema kabisa, aliwaza.

"Ma-mama yuko sahihi," akasema Silasi. "Jaribio la ku-kuthibitisha hilo lilifanyika miaka ya ha-hamsini. Li-liko kwenye kitabu cha shule. Ukurasa wa mia mbili na tisa." Akakiweka kitabu mezani, tayari kimefunguliwa. Alikuja nacho.

Renatus akasoma. Alisoma mara mbili, midomo ikicheza. Kitabu kikazunguka meza. Kilipomfikia Erasmus hakukitazama. Alisema lile ni kosa la mchapaji wa pamfleti, kwamba yeye mwenyewe aliligundua zamani na alikuwa akingoja toleo jipya. Hakuna aliyemuuliza kwa nini basi alilisoma darasani kwa sauti. Renatus akafunga kikao kwa sala.

Jioni hiyo Agnetha aliirudisha ngazi yake mezani. Alikuwa anabandika vizibo vilivyong'oka, huku akiimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika, Silasi alipogonga. Mkononi alikuwa na bolti aliyoifungua kutoka kwenye stuli ya maabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu." Ilikuwa mara ya kwanza kumkaribisha. "Umefanya vizuri leo. Umechelewa, lakini umefanya vizuri."

Silasi hakukaa. Aliisimamisha ile bolti mezani, kando ya ngazi. "Mama, naomba u-utazame mistari ya hii bolti. Inapanda kuelekea wapi?"

Agnetha akatazama. "Kulia."

"DNA nayo inapanda hivyo hivyo. Ku-kulia. Sasa tazama ngazi."

Agnetha akatazama ngazi aliyoijenga kwa mikono yake, iliyokaa pale miaka kumi na tisa. Nyaya zilipanda, zikapinda, zikaenda kushoto.

Aliinyanyua ngazi, akaigeuza kichwa chini miguu juu, akaisimamisha tena. Nyaya bado zilipanda kushoto. Akaigeuza tena.

"Hata u-ukiipindua haibadiliki," akasema Silasi kwa upole. "Nilijaribu kufikiria hivyo na mimi."

"Wewe umejua lini?"

"Siku ya kwanza nilipoingia humu."

"Mwaka mzima! Kwa nini hukuniambia?"

Silasi aliitazama bolti. "Uliniambia ni-nisikuzoee."

Agnetha akaketi. Uso ulimwaka kama wa mtu aliyepigwa mbele ya wageni. Kitu cha kwanza alichotaka kufanya, na baadaye alilikiri jambo hili kwa mchungaji wake, kilikuwa kuichukua ile bolti na kuitupa uwanjani, kisha kusema kwamba kushoto au kulia ni mambo madogo, kwamba ni waya tu, kwamba ilikuwa makusudi. Maneno yalishafika kwenye meno. Akayasikia yanavyolia: yalikuwa na sauti ya Erasmus, na Kiingereza chake, na toleo lake jipya. Akayameza, na yalishuka kwa shida.

"Nishikie huku chini, Mwalimu," akasema hatimaye.

Waliifungua ngazi ile, kipago kwa kipago, na Jumamosi nzima wakaisokota upya. Nyaya kongwe zilikuwa zimezoea upande wao. Zilirudi kushoto kila walipoziachia. Mbili zilikatika. Wakati wa kazi Agnetha aligundua kwamba Silasi, akiwa na kitu mikononi, kigugumizi kilimpungua, na kwamba anajua mambo mengi ambayo yeye hakuyasoma: jinsi vimeng'enya vinavyoifungua ile ngazi, jinsi vingine vinavyopita nyuma kusahihisha palipowekwa kipago kisicho chake, na jinsi kosa lililoponyoka linavyorithiwa. Alimuuliza maswali mpaka kijana akaomba maji. Mwaka mzima mtu huyu alikuwa akipita ukutani, na yeye, mwenye kujisifu kwa masikio, hakuwahi kumsikiliza.

Jumapili, baada ya ibada, alikwenda Mtendeni kumtafuta Levina, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa alikuwa mtaalamu wa maabara kwenye zahanati moja ya watu binafsi. Alimkuta amevaa koti jeupe, amependeza. Agnetha alikuwa hajalala vizuri siku mbili.

"Levina mwanangu, ile ngazi niliyowafundishia ilikuwa imesokotwa vibaya. Mlichora kushoto. Ni kulia."

Levina alimkodolea macho, kisha akaangua kicheko, cha upendo kabisa. "Mama jamani! Umetembea na jua lote hili kwa ajili ya hilo? Mimi hata sikumbuki ilielekea wapi. Nilifaulu, yakaisha."

Alimpa soda. Agnetha alikunywa, akashukuru, akaaga. Njiani kurudi Cheyo alijaribu kumdharau Levina, kwa mazoea tu, na alifanikiwa kidogo. Miaka kumi na tisa ya watoto, na huenda wote walikuwa hivyo: walichora, wakafaulu, yakaisha. Kosa lake halikuwadhuru kwa sababu hawakubeba kitu. Hilo lilimuuma kuliko kosa lenyewe.

Jumatatu aliomba dakika tano kwenye kidato cha sita. Aliweka ngazi mezani, mabua yake mengine mapya, mengine ya zamani, akawaambia watoto arobaini kwamba alikuwa amewafundisha vibaya, kwamba Mwalimu Silasi ndiye aliyemsahihisha, na kwamba wafungue madaftari wafute. Hawakuwahi kumsikia mtu mzima akisema hivyo ndani ya jengo lile. Kisha Julieth akatafuta kifutio, na wengine wakamfuata.

Erasmus, aliyekuwa akipita kwenye veranda, alisikia. Mchana, ofisini, akatangaza kwa furaha kwamba kumbe hata Mama Maabara hukosea, kwa hiyo yeye na mama ni ngoma droo. Agnetha alikuwa anapita na ndoo.

"Ngoma droo?" akasema. "Mimi nimefuta. Wewe umefuta wapi?"

Toleo jipya la pamfleti lilitoka baada ya miezi mitatu, jalada jekundu. Ukurasa wa arobaini na tatu ulisahihishwa, bila kumtaja mtu. Mwaka uliofuata Profesa alihamishiwa ofisi moja ya elimu, kwa kupandishwa cheo, kama dunia inavyopenda kufanya, na bango lake la joho likaongezwa taa. Silasi akapewa kidato cha sita. Anafundishia maabara, polepole, mikono ikiwa na kazi. Agnetha amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Husimama nyuma na taulo begani, na siku hizi, Silasi akikwama kwenye neno, humgeukia mwanafunzi yeyote anayethubutu kukohoa, akamtazama mpaka kikohozi kikapona.